Ngusa Asisumbuliwe

Jogoo wa Mama Ngusa alichinjwa kwa kosa la kuwika. Hakuwa na kosa jingine. Hakula mpunga wa watu ulioanikwa, hakurukia watoto, na mitetea hawakuwa na malalamiko. Lakini alizoea kusimama chini ya dirisha la Ngusa na kuwika saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi Ngusa alikuwa anasoma. Mama Ngusa alimvumilia siku tatu. Siku ya nne akanoa kisu.

Jina lake hasa ni Justa, ila Tinde nzima inamjua kwa jina la mwanawe. Anauza karanga na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, pale stendi yanaposimama mabasi ya Geita na Dodoma. Ana sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani na watoto wanne. Watatu wameolewa na kuoa na wanalima, na hao huwataja akiulizwa. Ngusa humtaja bila kuulizwa. Ngusa ndiye aliyekuwa wa kwanza kata nzima, ndiye aliyepelekwa chuo kikuu Dodoma huku kwaya ikimwimbia mpaka mlangoni mwa basi.

Mwezi wa saba mwaka huo alirudi likizo amekonda. Siku ya pili alimsubiri mama yake amalize kupeta mchele, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ana sapu.

"Sapu ndiyo ugonjwa gani?"

"Ni mtihani wa kurudia, Mama. Somo moja tu, saikolojia ya kujifunza. Tarehe ishirini na mbili mwezi wa tisa. Nikiukosa na huo, wananiondoa chuo."

Mama Ngusa aliweka ungo chini. Hakulia wala hakufoka. Alikwenda akafagia chumba cha uani, akatoa magunia, akaingiza meza, akaning'iniza kanga dirishani ili jua lisimpige mwanawe machoni. Kisha akatoka nje kupambana na dunia.

Mtaani hakusema neno sapu. Alisema Ngusa anasomea mambo makubwa ambayo hayataki kelele. Watu wa Tinde ni waungwana kwa elimu, hasa ya mtoto wa mwenzao. Zuleha, ambaye ni Mama Yasmini, jirani wa ukutani, alihamisha cherehani yake kutoka barazani akaipeleka nyuma karibu na choo, akawa anashona akijifunika pua. Mzee Mayala, fundi wa majiko ya bati, alihamia upande wa pili wa barabara na nyundo yake. Kwaya ilihamisha mazoezi. Watoto walinyang'anywa mpira wa makaratasi. Wageni waliofika kumsalimu msomi walirudishwa mlangoni, wakaondoka wakinyata, na wengine walivua viatu.

"Ngusa asisumbuliwe," alisema Mama Ngusa, kwa wote na kwa sauti ileile, na ilikuwa amri.

Na Ngusa? Simfichi msomaji alivyofichwa mama. Ngusa alikuwa vitani. Ndani ya simu yake kulikuwa na kisiwa, na kisiwani kulikuwa na vita, na katika vita hivyo alikuwa na kikosi cha watu arobaini waliomwita Kamanda Nyanza. Aliingia vitani baada ya chai akatoka jua linapozama, kwa kituo kimoja tu cha kula ugali. Daftari la saikolojia lilikuwepo mezani. Alilitumia kuegemezea simu.

Mama Ngusa alipopita na ndoo alimsikia mle ndani. "Rudini nyuma! Msimwache peke yake! Wewe wa Mombasa, mbona hunisikilizi? Haya, twende!" Alisimama na ndoo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, moyo umejaa. Huko stendi aliwaeleza wenzake kwamba Ngusa anaongoza diskasheni, kwamba kuna watu mpaka Nairobi na Mombasa wanamsikiliza yeye, na kwamba hata cheo wamempa. Hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa uongo.

Mambo mengine aliyaona asiyaelewe. Kijana aliyekuwa akiimba besi hadi madirisha ya kanisa yanatikisika sasa hakukanyaga kanisani. Alikula akiangalia sahani. Ukimuuliza chuo kikoje, alijibu "kizuri tu" na kurudi chumbani haraka, kama mtu aliyeacha kitu jikoni. Mama Ngusa alisema ndiyo akili hiyo, inamchosha. Akamwongezea samaki.

Baba mtu, Maige, hakuwepo nyumbani. Yuko Mwakitolyo, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, ambako ana duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, mwaka wa saba huu. Duara hilo halijampa kitu cha kufunga kwenye karatasi, lakini Maige hupiga simu kila Jumapili kusema wamebakiza mita mbili. Mama Ngusa amezoea. Walipokwisha salimiana, alimweleza kuhusu masomo ya kijana, na Maige akasema vizuri, mwambie akaze, mtu hafiki popote akiacha kitu katikati.

Basi siku ya Jumanne, tarehe tisa mwezi wa tisa, basi la kutoka Geita kwenda Dodoma lilisimama stendi, abiria wakashuka kununua vyakula. Binti mmoja hakununua kitu. Aliuliza huku, akaonyeshwa kule, mwisho akasimama mbele ya sinia la michembe. Alikuwa na rasta mpaka kiunoni, na alivaa suruali. Mama Ngusa aliiona suruali kabla hajamwona binti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Samahani, wameniambia wewe ndiye mama yake Ngusa Maige. Naitwa Suzana, nasoma naye chuo."

"Ngusa anasoma."

"Najua, Mama. Ila simu yake haipatikani, wiki ya pili sasa. Nina ujumbe wake."

Simu haikupatikana kwa sababu Ngusa aliifunga isipokee mtu. Ukipigiwa ukiwa vitani unatupwa nje ya vita, na kamanda hatupwi nje kwa ajili ya salamu. Mama Ngusa hakuyajua hayo. Yeye aliona fahari kwamba mwanawe amezima simu kwa ajili ya kitabu, na hapa amesimama msichana aliyevuka mkoa kuja kumwashia.

"Ujumbe gani?" aliuliza.

Hapo Suzana alisita. Alikuwa na neno moja mdomoni, nalo lingetosha kumaliza kila kitu: sapu. Lakini wanafunzi wana adabu yao, nzito kuliko ya mabalozi. Sapu ya mwenzako humtajii mzazi wake, maana huenda hajamwambia. Suzana mwenyewe alikuwa nayo hiyohiyo, na baba yake huko Geita aliagwa kwa kuambiwa kuna mradi chuoni. Mbele yake alisimama Mama Ngusa mwenye neno lilelile mdomoni, naye alilibana meno kwa nguvu, asije msichana wa watu akajua kwamba Ngusa alianguka mtihani. Walitazamana hivyo kidogo, kila mmoja akimlinda Ngusa dhidi ya mwenzake.

"Mambo ya chuo tu, Mama," alisema Suzana. "Nyumbani ni mbali? Nimkimbilie mara moja?"

"Mbali. Mpaka upande bodaboda."

Nyumba iko nyuma ya mashine ya kusaga. Kutoka pale stendi unaona bati lake.

Konda alianza kupiga ubavu wa basi kwa kiganja. Suzana alichomoa karatasi kwenye begi, akaandika akiwa ameipakata pajani, akaikunja mara nne. "Mpe leo, Mama. Nakuomba, leo hiihii."

"Nitampa," alisema Mama Ngusa, na alimaanisha. Siku ndiyo hakuitaja.

Hakuifungua. Kusoma barua ya mtu ni dhambi, na hilo alilijua tangu utoto. Kuichelewesha hakukumbuka kama kumekatazwa popote. Alifika nyumbani akaisukuma kabatini, chini ya sahani za wageni, akajisemea kwamba mambo ya rasta yatasubiri tarehe ishirini na mbili ipite. Jioni ile alimpelekea mwanawe ugali, akamtazama alivyoinamia meza, akajiona mama aliyemnusuru mtoto. Alilala usingizi mzuri.

Alhamisi, kwenye saa kumi alasiri, mlango wa chumba cha uani ulifunguka wenyewe bila kugongwa. Ngusa alitoka nje akinyoosha mikono. Alikuwa anacheka. Mama Ngusa, aliyekuwa anachambua karanga, hakukumbuka mara ya mwisho kuona meno yale.

"Mama, leo tumeshinda."

"Mmeshinda?"

"Wiki tatu ilitushinda ile. Leo nimewapanga mwenyewe, huyu huku, huyu kule, tumeimaliza."

Kwa Mama Ngusa kilichowashinda kwa wiki tatu kingeweza kuwa nini kama si saikolojia? Alipiga kigelegele kimoja, kifupi, halafu akajiziba mdomo kwa mazoea. Ngusa alikaa barazani akala sahani mbili. Aliuliza habari za Mzee Mayala na kwa nini siku hizi haisikii nyundo yake. Mama Ngusa alimtazama akitafuna, akasikia moyo unamlainika juu ya yule binti. Kama somo limeshaingia kichwani, barua itaharibu nini? Kijana amefanya kazi, na kijana ni kijana.

Jumapili baada ya ibada alitoa karatasi chini ya sahani, akaiweka mezani karibu na kikombe cha chai, akakaa mkao wa mtu anayetoa zawadi.

"Una watu wako huko chuo. Kuna msichana mmoja alipita na basi, kazuri tu kakiacha suruali. Haya soma, nikuone."

Ngusa alifungua. Karatasi ilikuwa na mistari minne. Ilisema sapu imeletwa mbele, ni Alhamisi tarehe kumi na moja saa tatu asubuhi. Ilisema tangazo limetumwa kwa kila mtu, basi hata hajaliona? Ilisema kuna nafasi kwenye basi la leo na la kesho. Chini kabisa: *Usiogope, tutasoma wote njiani. Suzana.*

"Anasemaje?" aliuliza Mama Ngusa. "Anataka mahari ngapi?"

Ngusa aliiweka karatasi mezani, akailainisha mikunjo kwa kidole, polepole, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Kisha akamsomea.

Jumatatu walipiga simu chuoni. Mtu wa ofisini alikuwa mpole sana, upole ule usiosaidia. Alisema tangazo lilitumwa kwenye simu za wanafunzi wote, na kutofika bila sababu kunahesabiwa kuwa kushindwa. Ngusa alifungua simu mbele ya mama yake, akashuka chini, chini zaidi, kwenye jumbe alizozinyamazisha zisimsumbue vitani. Tangazo lilikuwepo, lina siku kumi na mbili. Hakuna mtu Tinde aliyeshinda mtandaoni kama Ngusa, na habari iliyokuja kwa mtandao ilimpita yeye.

Ndipo Mama Ngusa alipoonyeshwa kisiwa. Alikitazama kwa muda, vijumba vyake na nyasi zake.

"Na hawa ndio watu wa diskasheni?"

"Ndio hao."

"Wanakusikiliza kweli?"

"Wananisikiliza, Mama. Kule chuo nilifungua mdomo mara moja. Mwaka wa kwanza, mbele ya darasa. Kisukuma changu kikatoka pamoja na Kiingereza, ukumbi mzima ukacheka, na mwalimu akacheka. Kumbe kila mtu pale alikuwa wa kwanza kwao. Mimi nikawa yule wa kuchekwa. Toka siku hiyo sijasema kitu darasani. Huku hawanioni. Wanasikia sauti tu, na nikisema nendeni, wanakwenda."

"Na mtihani je? Ulikuwa huuogopi?"

"Nauogopa sana. Nikiwa mle ndani haupo. Nikitoka naukuta, umeongezeka. Basi narudi mle." Alichukua daftari, akalifungua katikati. "Somo lenyewe linayaeleza haya. Kuna kurasa mbili. Kwa nini mtu haachi kitu kinachomharibia. Hizo nimezisoma, Mama, nimezisoma vizuri kabisa."

"Zikasemaje?"

"Zikasema ni mimi."

Mama Ngusa alifikiria wiki saba zile. Cherehani chooni, nyundo ng'ambo ya barabara, vijana wa kwaya aliowarudisha mlangoni na viatu mkononi. Mtoto alikuwa akifa kwa kukosa mtu wa kuongea naye, na yeye akalinda mlango ili asipite mtu. Na alipita mmoja, amevuka mkoa, na huyo yeye mwenyewe alimwambia nyumba iko mbali. Alisikia uchungu wa kweli, ule wa kukaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka.

Maige alifika Jumanne kwa bodaboda, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope. Hakukaa. Alimsimamisha kijana katikati ya uwanja na kumwambia yanayostahili.

"Ng'wana wane, mwanangu, hivi una akili kweli? Mtu mzima anajifungia kutwa, anafukuza kitu asichokiona kwa macho! Watu wanakwambia acha, wewe husikii. Mwaka unaisha, mwingine unaingia, unasema kidogo tu, nimekaribia, nimekaribia! Unakaribia wapi? Umeleta nini hapa nyumbani? Hata mama yako humwonei huruma?"

Aliyasema vizuri sana. Mama Ngusa alimtazama mumewe, akatazama viganja vyake vilivyopasuka, kurunzi ya kichwani aliyosahau kuivua. Ngusa naye alimtazama. Maige alikohoa, akavua kurunzi, akaipangusa kwa shati ingawa ilikuwa safi. Alikunywa chai. Alilala siku moja, na asubuhi yake akasema maji yamejaa duarani, lazima akasimamie pampu, na kwamba safari hii si mita mbili tena, ni moja na nusu.

Alipokwisha ondoka, Zuleha alikuja mlangoni, ananyata kama kawaida, akauliza kwa mnong'ono.

"Mama Ngusa, mtihani umekwisha? Niirudishe cherehani?"

"Umekwisha. Ngusa hakuufanya, na kosa nusu ni langu." Alilisema kwa sauti kubwa, ile ya kwaya, mpaka Zuleha akarudi nyuma hatua moja. "Irudishe, Mama Yasmini. Mwambie na Mzee Mayala arudi. Watoto wapeni mpira wao."

Kelele zilirudi, lakini Ngusa hakutoka. Aliweka viskizo masikioni akaendelea na vita vyake, maana sasa hakuwa na kitu kingine cha kukimbia isipokuwa kila kitu. Mama Ngusa alimwita mara mbili, tatu. "Nakuja, Mama," alijibu, na hakuja.

Jumamosi basi la kutoka Dodoma kwenda Geita lilisimama stendi. Wa kwanza kushuka alikuwa Suzana, na suruali ileile. Alimwona Mama Ngusa kwa mbali, akasita, akaja hivyohivyo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, samahani kuuliza. Ile karatasi ulimpa?"

"Nilimpa."

"Alhamisi sikumwona. Nikamwekea kiti." Suzana aliangalia michembe. "Ulimpa lini?"

Mama Ngusa angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo tayari, na huyu binti angeukubali kwa adabu.

"Jumapili," alisema. "Niliificha chini ya sahani. Nilidhani unataka kumharibia masomo."

Macho ya Suzana yalijaa maji, akayapangusa kwa ncha ya rasta, na Mama Ngusa alitamani afadhali angetukanwa. Nyuma yao konda alipiga ubavu wa basi akiita abiria.

"Yuko wapi sasa?"

"Yupo ndani. Hatoki. Namwita hatoki." Mama Ngusa alimshika mkono, akamgeuza, akamwonyesha kwa kidole. "Unaiona mashine ya kusaga? Unaona lile bati nyuma yake? Ndipo kwetu. Mlango wa uani, usibishe hodi. Nenda kamsumbue."

Suzana alitazama bati, akamtazama mama, akapima umbali ule wa hatua mia na kidogo. Akaenda, kwanza akitembea, halafu akikimbia, begi likimpigapiga mgongoni.

"We mama!" konda alipiga kelele. "Abiria wangu huyo anakwenda wapi? Tunaondoka! Napiga honi!"

Mama Ngusa alitua sinia lake chini, barabarani, mbele kabisa ya tairi, akasimama nyuma yake mikono kiunoni.

"Piga," alisema.

Dereva akapiga. Honi ile inasikika mpaka shuleni.

"Piga tena," alisema Mama Ngusa. "Hajasikia."